Kufunga muziki wa gari bila redio ya dashibodi: amplifaya itawashwa na nini?

Msafiri_Pugu aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu.

Ninamiliki Toyota IST ya mwaka 2004 iliyoagizwa kutoka Japani. Kama ilivyo kwa magari mengi yanayotoka huko, redio yake ilitengenezwa kwa masafa ya kwao, yaani megahezi 76 hadi 90, ilhali vituo vyetu vya FM vimepangwa kati ya 87.5 na 108. Vituo vilivyo chini ya 90 ninavipata vizuri, vilivyo juu ya hapo sivipati kabisa. Maandishi yake ni ya Kijapani, Bluetooth haina, wala haina tundu la kuingizia sauti kutoka kwenye kifaa kingine.

Karibu kila ninachosikiliza njiani kimo kwenye simu: mawaidha, taarabu za zamani, vipindi vya mazungumzo nilivyovipakua nyumbani, na matangazo ya mpira siku za mechi. Watu wa karibu wananishauri ninunue redio ya kioo kikubwa yenye Android. Nimezitazama Kariakoo, nikaona kwamba ningelipia ramani, video na mengine mengi ambayo simu yangu inayafanya tayari, tena kwa wepesi zaidi. Ninachotaka ni kuiondoa redio kabisa, niweke kibao cheusi mahali pake, simu ipeleke sauti kwenye kipokezi cha Bluetooth kilichofichwa nyuma ya kibao hicho, kipokezi kiipeleke kwenye amplifaya, na amplifaya iendeshe spika nne za milangoni zilizokuja na gari. Sabufa siihitaji.

Naomba msaada katika mambo yafuatayo. Je, amplifaya inaweza kuwaka na kuzimika pamoja na ufunguo wa gari ikiwa hakuna redio ya kuiamuru? Nyaya za spika zilizopo nyuma ya redio zinafaa kuunganishwa na amplifaya, au ni lazima nivute nyaya mpya hadi milangoni? Kipokezi kidogo kinachotumia umeme wa volti 5 kitatoa sauti ya kutosha? Mke wangu hulitumia gari hili pia, kwa hiyo ningependa mfumo ambao mtu yeyote akiwasha gari ataweza kuutumia bila maelekezo marefu.

FundiWaya alijibu:

Ndugu Msafiri, jambo hilo linawezekana, na kwa IST ni jepesi kuliko kwa magari mengi, kwa sababu redio yake haikufungamanishwa na mifumo mingine. Ukiitoa, hakuna kitu kingine kitakachoacha kufanya kazi. Nalisema hili kwa ajili ya wengine watakaosoma hapa, maana yapo magari, hasa ya Ulaya ya miaka ya 2000 kama Mercedes-Benz na BMW, ambayo vifaa vyake vya sauti vimeunganishwa kwa nyuzi za mwanga katika mzunguko mmoja uitwao MOST. Ukichomoa kifaa kimoja bila kuufunga mzunguko huo, na vingine vinanyamaza.

Kabla ya kununua chochote, tambua kwamba redio ya gari ni vifaa vinne ndani ya sanduku moja. Humo mna chanzo cha sauti. Mna amplifaya ndogo ya kusukuma spika. Mna swichi inayoamka pamoja na ufunguo wa gari na kuviamsha vifaa vingine. Na mna kitufe cha kuzungusha, ambacho mkono wa dereva unakifikia bila macho kuondoka barabarani. Chanzo umeshakipata, ambacho ni simu. Kazi tatu zilizobaki ni lazima kila moja itafutiwe wa kuifanya, na katika magari ninayoletewa nimeona kwamba watu hununua amplifaya nzuri kisha wakazisahau hizo mbili za mwisho.

Nianze na amplifaya, kwa kuwa maandishi ya kwenye maboksi yanawapotosha wengi. Gari likiwa linanguruma, umeme wake huwa karibu volti 14.4, na spika ya kawaida ya gari ina upinzani wa omu 4. Amplifaya isiyokuwa na kipandisha volti ndani yake, hata ikiwa bora namna gani, haiwezi kuipa spika wimbi ambalo kilele chake kinapita volti hizo. Zidisha 14.4 kwa 14.4, gawa kwa 8, unapata wati 26 hivi. Toa upotevu wa ndani, zinabaki kama 20 kwa kila spika. Zile "wati 50 mara 4" zinazoandikwa kwenye redio nyingi hupatikana kwa kugawa kwa 4 badala ya 8, yaani wimbi likiwa limekatwa vilele vyote hadi likawa la mraba, sauti ambayo hakuna mtu angevumilia kuisikiliza.

Kwa hiyo una njia mbili. Njia ya kwanza ni kununua bodi ndogo za amplifaya za daraja D, yaani aina isiyopoteza umeme mwingi kwa joto, kama zile zinazotumia chipu ya TPA3116D2, ambayo inakubali umeme wa volti 4.5 hadi 26. Chipu moja inaendesha spika mbili, hivyo utahitaji mbili. Bodi hizo zinaweza kulishwa na waya uleule uliokuwa unailisha redio, kwa kuwa hazili umeme kupita kiasi ambacho redio ilikuwa inakula, na sauti utakayoipata italingana na ya redio nzuri. Njia ya pili ni amplifaya kamili ya gari yenye njia nne, yenye kipandisha volti, inayotoa wati 50 za kweli kwa kila njia. Hiyo ikifanya kazi kwa nguvu zake zote inavuta kama ampea 17 au zaidi, na waya wa redio hauwezi kuubeba mzigo huo, kwa sababu fyuzi yake kwa kawaida ni ya ampea 10 au 15. Ni lazima uvute waya mpya kutoka kwenye betri: shaba tupu ya milimita 6 za mraba inatosha kwa umbali wa kufika chini ya kiti cha mbele, na fyuzi ya ampea 30 iwekwe isizidi sentimita 45 kutoka kwenye betri. Fyuzi hiyo kazi yake ni kuulinda waya, ndiyo maana inakaa mwanzoni mwa waya. Waya ukisagika kwenye bati kabla haujafika kwenye fyuzi, hakuna kitakachozuia moto. Pale unapopita kwenye ukuta wa injini, tundu lazima liwe na mpira.

Ukienda kununua waya, kwangua ncha yake kwa kisu uangalie. Siku hizi nyaya nyingi zinazouzwa kwa ajili ya muziki wa gari ni alumini iliyopakwa shaba kwa nje, na upinzani wake unazidi ule wa shaba kwa mara moja na nusu au zaidi. Ikiwa ndiyo pekee unayoipata, nunua unene wa juu zaidi.

Nyaya za spika zilizopo zinafaa kabisa, usihangaike kuingia milangoni. Nunua soketi za Toyota za kubadilishia, ile ya pini 10 na ile ya pini 6, ili usikate nyaya za gari. Ukitaka kurudisha redio siku nyingine, unachomoa na kuchomeka tu. Kwenye pini 10, rangi zilizozoeleka za Toyota ni hizi: bluu yenye mstari wa njano ni umeme wa kudumu, kijivu ni umeme wa ACC (unaokuja ufunguo ukizungushwa na kuondoka ukizimwa), kahawia ni ethi (upande hasi, unaoungana na bati la gari), waridi na zambarau ni spika ya mbele kushoto, kijani kibichi na bluu ni ya mbele kulia. Kwenye pini 6, nyeusi na njano ni ya nyuma kushoto, nyekundu na nyeupe ni ya nyuma kulia. Rangi inayotajwa kwanza katika kila jozi ndiyo chanya. Hata hivyo usiziamini rangi peke yake, kwa kuwa gari lililotumika limeshapita mikononi mwa mafundi wengine. Pima kila waya kwa multimita (kipima umeme) kwanza. Jihadhari na jambo moja: waya hasi wa spika si ethi. Katika bodi ndogo nilizozitaja, na katika baadhi ya amplifaya kamili, pande zote mbili za spika zinasukumwa, kwa hiyo waya hasi ukigusa bodi ya gari au ukiunganishwa na hasi ya spika nyingine, unaweza kuiunguza amplifaya.

Kuhusu swali lako la kwanza, kwenye amplifaya kamili kuna tundu limeandikwa REM. Likipata volti 12 amplifaya inaamka, zikiondoka inalala. Umeme huo hauhitaji kutoka kwenye redio. Chukua waya wa kijivu wa ACC, weka fyuzi ya ampea 1, upeleke REM, basi. Bodi ndogo hazina tundu hilo, kwa hiyo utatumia rilei, yaani swichi inayofungwa na umeme: ACC na ethi zinaingia kwenye miguu 85 na 86, umeme wa kudumu unaingia 30, na bodi inalishwa kutoka 87. Kamwe usiiunganishe bodi wala kipokezi moja kwa moja kwenye umeme wa kudumu, maana vitaendelea kula betri usiku kucha.

PwaniMoja (Mombasa) alijibu:

Kaka Msafiri, Fundi amekupa msingi mzuri, nami ningependa kukazia ile kazi ya nne aliyoitaja kisha akaiacha, yaani kitufe cha sauti. Kwangu mimi hiyo ndiyo inayoamua kama mfumo wa aina hii utadumu au utang'olewa.

Fikiria unaendesha, mvua imeanza, askari anakusimamisha, au mtoto anaongea nyuma, nawe unataka kupunguza sauti mara moja. Kwa redio ya kawaida mkono unakwenda wenyewe. Kwa mfumo wako utatafuta simu, ambayo huenda imo mfukoni au imo kwenye mkoba wa shemeji, na ikiwa iko kwenye kishikizo, pengine kioo kimejifunga. Kila sekunde unayoitazama simu kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari linakwenda mita 22 bila dereva anayeona. Sikubaliani na mtu yeyote anayesema kwamba simu peke yake inatosha.

Suluhisho la bei ndogo kabisa ni kizuizi cha kuzungusha chenye pande mbili, cha kiloomu 10, kati ya kipokezi na amplifaya. Dukani kinaandikwa A10K au B10K, nawe chukua A, kwa sababu B inapanda kwa mstari ulionyooka ambao sikio halisikii hivyo: ukizungusha kidogo tu sauti inaruka, kisha sehemu kubwa inayobaki haibadilishi chochote cha maana. Kifunge katikati ya kibao chako cheusi, utumie waya wenye ngozi ya kukinga mawimbi, na mikono yako itakuwa na mahali pa kwenda. Kibao chenyewe kipimwe vizuri, maana nafasi ya redio katika Toyota nyingi ina upana wa milimita 200, ilhali vibao na redio za kawaida ni milimita 178 hivi.

Lipo suluhisho lingine ambalo huku pwani tunaliona kwenye boti za watalii, nalo ni vidhibiti vya duara vinavyotengenezwa kwa ajili ya boti na pikipiki. Vina Bluetooth, kitufe kikubwa, njia za kutolea sauti kwenda kwenye amplifaya, vinavumilia maji na vumbi, na vingi vina FM ya 87.5 hadi 108. Havina sanduku refu nyuma, hivyo vinaingia popote. Mtu anaweza kusema kwamba hiyo ni redio iliyobadilishwa umbo, nami sitabishana naye, lakini inatimiza nia yako ya kuepuka kioo kikubwa. Bei yake ndiyo kikwazo.

Ukitaka redio bila gharama hiyo, ziko bodi ndogo zinazosoma USB, kupokea Bluetooth na kushika FM, zinazotumia volti 12 na kuja na rimoti. FM yake ni dhaifu isipounganishwa na antena ya gari, kwa hiyo usiukate waya wa antena. Ufunge kwa tepu, uuache nyuma ya kibao. Kusikiliza redio kwa intaneti nako kunawezekana: kituo kinachorusha kwa kilobiti 64 kwa sekunde kinakula megabaiti 29 kwa saa, na kile cha 128 kinakula mara mbili yake. Hilo lipime kwa bando lako, na ukumbuke kwamba kwenye safari ndefu mtandao hukatika mahali ambapo FM bado inasikika.

Msafiri_Pugu aliandika:

Fundi na Kaka PwaniMoja, nawashukuru kwa dhati kwa maelezo haya. Hoja ya kitufe imenigusa, hasa kwa sababu ya mke wangu, na nimeamua kwamba kitufe cha A10K kitakuwepo kwenye kibao. Ninaelekea kwenye amplifaya kamili ya njia nne, ikae chini ya kiti cha abiria wa mbele.

Limebaki jambo linalonitia wasiwasi. Nimewahi kupanda magari ya watu waliounganisha simu kwa waya huku simu inachajiwa, na kukawa na mluzi unaopanda na kushuka kufuatana na mwendo wa injini. Ikiwa kipokezi changu kitapata umeme kutoka kwenye gari lilelile linaloilisha amplifaya, mluzi huo nitauepukaje? Pia ningependa kujua kama kipokezi kitaweza kutambua simu mbili bila ugomvi.

SautiSafi alijibu:

Mluzi huo unaopanda na injini unatoka kwenye alteneta, jenereta ya injini inayochaji betri, na njia unayopitia ni ethi. Kipokezi chako kitapata ethi yake mbele, kwenye dashibodi. Amplifaya itapata yake chini ya kiti. Na ngozi ya waya wa sauti inaziunganisha ethi hizo mbili mara ya pili. Kwa kuwa bati la gari lina mkondo mkubwa unaopita ndani yake, ethi hizo mbili hazilingani kabisa, na tofauti ndogo iliyopo kati yake inapita kwenye ngozi ya waya wa sauti na kuingia kwenye amplifaya kana kwamba ni muziki. Katika mfumo wako tatizo linakuwa kubwa zaidi kuliko kwenye redio, kwa sababu kipokezi kidogo mara nyingi hakitoi zaidi ya volti 1, ilhali redio nzuri hutoa 2 hadi 4. Sauti ikiingia ikiwa ndogo, unalazimika kuikuza zaidi, na uchafu unakuzwa pamoja nayo. Ukipata kipokezi kinachotoa volti 2 kamili kupitia matundu ya RCA (yale ya duara ya nyaya za sauti), badala ya kile kidogo cha kuchomeka kwenye USB, usione shida kuongeza fedha.

Utaratibu ninaoupendekeza ni kuchukua umeme wa kipokezi na ethi yake palepale panapochukuliwa ethi ya amplifaya. Vuta nyaya mbili nyembamba kutoka chini ya kiti hadi nyuma ya kibao, usiitumie ethi ya kahawia ya redio, na ule wa umeme upite kwenye rilei inayoamshwa na ACC kama aliyoieleza Fundi, usiwe wa kudumu. Kwangua rangi ya bati mpaka liwe jeupe kabla ya kufunga ethi, na waya wa ethi usizidi nusu mita. Waya mnene wa betri upite upande mmoja wa gari, nyaya za sauti upande mwingine. Kisha, na hapa ndipo watu wanapobana matumizi isivyofaa, nunua kipunguza volti cha kutoka 12 kwenda 5 ambacho ethi ya kuingilia na ya kutokea zimetenganishwa kabisa ndani yake. Vile vya bei rahisi vinavyochomekwa kwenye tundu la sigara ethi zake ni moja.

Kabla hujaanza kubadilisha vitu, lipo jaribio la kukuonyesha kosa liko wapi: kiendeshe kipokezi kwa pawabenki, injini ikiwa inanguruma. Mluzi ukitoweka, tatizo ni ethi ya kipokezi. Ukibaki, chomoa waya wa sauti kwenye amplifaya. Ukiendelea hata hapo, tatizo liko kwenye amplifaya au waya wake wa betri. Ikiwa badala ya mluzi unasikia mikwaruzo midogo isiyofuata injini, mlaumu kipunguza volti.

Watakuuzia vile vichujio vya kuweka katikati ya waya wa sauti, ambavyo ndani yake ni transfoma mbili ndogo. Vinafanya kazi, lakini vile vya bei ya chini vinakula besi, kwa hiyo mimi huviweka mwisho kabisa wa orodha.

Kuhusu simu mbili, vipokezi vingi huikumbuka simu ya mwisho kuunganishwa. Chagua kinachoruhusu simu mbili kwa wakati mmoja, ama uzime kujiunganisha kwa hiari kwenye simu moja. Ukipenda kupokea simu kupitia spika, hakikisha kina maikrofoni yenye waya wa kutosha kufika karibu na usukani, maana maikrofoni iliyofungiwa nyuma ya kibao haitasikia kitu. Suala la kodeki, yaani namna Bluetooth inavyoibana sauti, lisikusumbue sana: hata SBC, ambayo kila kifaa kinayo, hufika kilobiti 328 kwa sekunde, na katika kelele za barabara tofauti yake na nyingine ni ndogo kuliko tofauti ya spika iliyofungwa vizuri na iliyolegea mlangoni.

Utakutana na jambo jingine ambalo halijatajwa. Unapozungusha ufunguo kuwasha injini, umeme wa ACC hukatika kwa muda mfupi, ndipo hurudi. Kipokezi kitazimika na kuwaka upya, na kikiwaka wakati amplifaya imeshaamka, spika zitapiga kishindo. Weka kwenye waya wa REM kirilei cha kuchelewesha, cha sekunde 3 hivi, ili kipokezi kitulie kabla amplifaya haijaamka. Kishindo hicho kinachosha sikio, na kikiwa kikubwa hakizifai spika pia.

Mwisho, kwa walio na mawazo ya kubandika tableti pale redio ilipokuwa, nawaomba wafikirie jua letu. Apple yenyewe inaeleza kwamba simu zake zitumike katika nyuzi zisizozidi 35 na zihifadhiwe katika nyuzi zisizozidi 45, na ndani ya gari lililoegeshwa juani mchana viwango hivyo hupitwa mapema. Betri ya tableti huvimba. Simu unashuka nayo, kwa hiyo mpango wa Ndugu Msafiri uko salama zaidi kwa upande huo.

PwaniMoja (Mombasa) aliandika:

Nakubaliana na SautiSafi katika yote isipokuwa mpangilio wa kununua. Kipunguza volti chenye ethi zilizotenganishwa hakipatikani kila duka, na mtu asisimamishe kazi kwa sababu hiyo. Nyaya za umeme na ethi zikichukuliwa mahali pamoja kama alivyoeleza, magari mengi yananyamaza bila kifaa hicho. Aanze hivyo, asikilize, ndipo aamue.

Kaka Msafiri, kwa kuwa kipokezi kina njia mbili na amplifaya yako ina nne, angalia kama amplifaya hiyo ina swichi ya kuchagua 2CH au 4CH. Ikiwa ipo, unaingiza waya mmoja wa sauti wa kushoto na kulia, nayo inagawa yenyewe kwa mbele na nyuma. Ikiwa haipo, tumia waya wa kugawanya wenye umbo la Y.

Msafiri_Pugu aliandika:

Swichi hiyo ipo kwenye amplifaya niliyoichagua, nimeithibitisha dukani. Ninalo swali moja la mwisho kwa Fundi. Kwenye amplifaya kuna kitufe cha "gain", na nimesikia kila mtu akikitafsiri anavyotaka; wengine hukizungusha hadi mwisho wakidhani ndiyo nguvu. Kwa mfumo huu usio na redio, ambao sauti yake inaweza kupunguzwa kwenye simu, kwenye kitufe cha A10K na kwenye amplifaya pia, nikiweke wapi?

FundiWaya alijibu:

Ndugu Msafiri, kitufe hicho kinalinganisha sauti inayoingia na uwezo wa amplifaya, wala hakiongezi nguvu yoyote. Ukikizidisha, amplifaya inafika kileleni wakati kitufe chako cha dashibodi kiko robo tu, kinachobaki ni kukata mawimbi na kuunguza spika.

Fanya hivi. Chomoa nyaya za spika kwenye amplifaya. Zima vichujio vyote vya amplifaya, na kwenye simu zima kila programu ya kurekebisha mlio. Pakua sauti ya majaribio ya hezi 100 iliyorekodiwa kwa kiwango cha juu kabisa; nimechagua 100 kwa sababu multimita nyingi za bei ya kawaida hazipimi sawasawa masafa yakipanda. Weka sauti ya simu hadi mwisho, zungusha A10K hadi mwisho, na gain iwe chini kabisa. Sasa weka multimita kwenye volti za AC, iguse kwenye matundu ya spika moja, kisha upandishe gain polepole.

Kipimo cha kufikia unakipata kwa kuzidisha wati kwa omu, halafu kutafuta kipeuo cha pili chake. Kwa amplifaya ya wati 50 na spika za omu 4 inakuwa kipeuo cha pili cha 200, yaani volti 14.1. Lakini wewe unatumia spika zilizokuja na gari, ambazo ni za karatasi na hazikutengenezwa kwa nguvu hizo. Zihesabu kuwa za wati 20: 20 mara 4 ni 80, na kipeuo chake ni kama volti 9. Ishia hapo kwa njia zote nne, na ikiwa siku moja utabadilisha spika, utarudi kupandisha. Kisha washa kichujio cha kuondoa besi ya chini kwenye hezi 80, kwa kuwa hakuna sabufa na spika hizo ndogo zikilazimishwa kupiga chini ya hapo zinatetemesha mlango bila kutoa besi yenyewe.

Baada ya hapo sauti ya simu ibaki juu daima, ya kwako na ya mkeo, na kitufe cha dashibodi ndicho kifanye kazi. Ukiona kwamba kipokezi kinakwaruza simu ikiwa juu kabisa, ishushe ngazi moja au mbili kisha urudie kupima gain kwa kiwango hicho kipya. Kabla ya kurudisha nyaya za spika, zima gari, ondoa fyuzi ya betri, na upime kwa multimita kwamba hakuna hata waya mmoja wa spika unaogusana na bodi ya gari.